Kumwamkia Mkwe Ukiwa Juu ya Baiskeli

Mjukuu wangu wa kike anaendesha baiskeli na wenzake wa hapa mjini Sumbawanga. Jumapili baada ya misa ya kwanza wanakusanyika, vichwani wamevaa kofia ngumu kama vibuyu vilivyokatwa, miguuni suruali za kubana mpaka unamwonea mtu huruma. Wanatoka Mazwi, wanashika njia ya Laela, wanafika mahali, wanageuza. Hawaendi kuuza kitu. Hawaendi msibani. Nilimuuliza wanabeba nini, akasema maji. Maji ya kunywa njiani ili wapate nguvu za kurudi.

Sisemi kwa ubaya. Najivunia mtoto yule kupita kiasi, na miguu ile ameichukua kwangu, anayebisha aje nimwonyeshe yangu.

Siku moja akanieleza wanavyofundishwa kwenda kwa kundi. Gurudumu lako lisiingie ubavuni mwa gurudumu la mwenzako. Wa mbele akiona shimo aonyeshe kwa mkono. Asifunge breki ghafla. Aliyechoka asiachwe. Nikamsikiliza mpaka akamaliza, ndipo nikamuuliza, "Na mkikutana na mkwe?"

"Mkwe wa nani, Bibi?"

"Wa yeyote. Mko mteremkoni, mmefuatana kama siafu, mara mkwe huyo katokea. Mnafanyaje?"

Akafikiri. "Hilo hatukufundishwa."

"Basi hamjafundishwa kuendesha baiskeli. Mmefundishwa kuikalia."

Ndiyo maana nimechukua kalamu. Shule niliishia darasa la nne, na herufi zangu zinapanda na kushuka kama barabara ya kwetu ilivyokuwa kabla ya lami, lakini haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho, na mengine niliyalalia kwa mbavu.

Kijiji nilichoolewa kiko kando ya hiyo hiyo barabara ya Laela. Ukitoka kwa baiskeli alfajiri, unafika gulioni wakati watu ndio wanatandaza. Ukitoka kwa miguu na mzigo kichwani, unawakuta wanakunja. Zamani halikuwa jambo kubwa, maana hapakuwa na wa kumkimbilia. Lakini ruksa ilipoingia, serikali ikaachia watu wafanye biashara, wafanyabiashara wakaanza kuja Laela na malori kununua mahindi, maharage, ulezi, chochote. Lori likijaa linaondoka, halikujui wala halikusubiri. Na madukani, ambako kabla ya hapo hata sabuni ilikuwa hadithi, baiskeli zikamwagika kama kumbikumbi baada ya mvua.

Wanaume wakanunua baiskeli, wakaanza kupeleka maharage yetu. Maharage tumepanda sisi, tumepalilia sisi, tumepura sisi. Mwanamume anapakia asubuhi, jioni anarudi anaimba. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na sauti nzuri sana, ila tulikuwa tunailipia.

Basi sisi wake wa ukoo ule tukaanza kujifunza kimyakimya kwenye uwanja wa kupuria, wanaume wakiwa wamelala. Baiskeli zenyewe za kiume, zina lile bomba la katikati, na sisi tumevaa vitenge. Tukajifunza kufunga kitenge kwa namna ambayo sitaieleza hapa. Tulianguka. Mke wa shemeji yangu mdogo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde, alianguka kuliko wote, na baiskeli ya mumewe ndiyo ilikuwa mbovu kuliko zote. Haikuwa na breki hata moja. Breki yake ilikuwa katambuga, yale makubazi ya tairi la gari. Anashusha mguu, anakandamiza katambuga kwenye tairi la mbele, moshi unatoka, anasimama. Akitaka kusimama mahali fulani, anaanza kufikiria mapema.

Lakini kujifunza uwanjani ni kitu kimoja, barabarani ni kingine, na barabara ilikuwa ya baba mkwe. Namaanisha baba mzazi wa mume wangu, mkubwa wa ukoo mzima. Kwa mila ya pale kila mwanamke aliyeolewa na kijana wa ukoo ule alikuwa mkwe wake. Alikuwa mzee wa haja, mrefu, mkavu, hatoki bila kabuti zito la kuzuia baridi, hata jua liwe linaunguza mawe.

Kwetu, msomaji wa mbali nikueleze, mwanamke hamsalimii baba mkwe amesimama. Unachuchumaa, macho unayatia kwenye udongo, unapiga makofi polepole kwa viganja vilivyojikunja, na huinuki mpaka aitikie. Humgusi. Humpi kitu mkono kwa mkono, unakiweka chini naye anaokota. Mkikutana njiani unatoka pembeni, unatua mzigo, unateremka. Kuna tope? Teremka kwenye tope. Heshima haiulizi hali ya hewa.

Tukaenda kwake, tukachuchumaa mstari mmoja, tukapiga makofi. Akaitikia.

"Mnataka nini?"

Nikasema mimi, kwa kuwa ndiye mke wa mwanawe wa kwanza, na kwa kuwa wenzangu walikuwa wameishiwa mate. "Baba, tunaomba tupeleke maharage yetu Laela wenyewe. Kwa baiskeli."

Akatia ugoro puani, akapiga chafya. "Mwanamke juu ya chuma."

"Ndiyo, baba."

"Akikutana na mkubwa wake njiani?"

"Atashuka, baba. Atasalimu."

"Wote?"

"Wote, baba."

Akafikiri mpaka magoti yangu yakaanza kuomba msamaha. Kisha akasema, "Wazee wenzangu watanicheka. Haya, jaribuni msimu huu. Lakini siku nikisikia kuna mkubwa mmepita mbele yake kama mnapita kisiki, baiskeli zote nazitia darini kwa mikono yangu, nanyi mrudi kubeba kichwani. Nimesema."

Mnaona basi tulichokuwa tumebeba juu ya zile baiskeli. Maharage yalikuwa kitu kidogo. Tulibeba ile ruhusa, na ilikuwa rahisi kuvunjika kuliko mayai.

Tukaanza safari zetu, na hapo ndipo tukagundua kwamba aliyetengeneza baiskeli hakuwa na wakubwa kwao. Chukua kengele. Kengele unampigia nani? Safari ya kwanza nilimpigia bibi mmoja aliyekuwa katikati ya njia na mzigo wa kuni. Akageuka. "Mimi mbuzi?" akaniuliza. "Unanipigia kengele mimi? Kwenu mnasalimiana hivyo?" Nikashuka, nikamwomba radhi, nikambebea kuni mpaka kwake. Tukakubaliana, kwa mkubwa hakuna kengele. Sasa unamwambiaje akupishe? Mke wa shemeji akasema tupige hodi, kwani hodi ina ubaya gani?

Hodi haina ubaya, ila ina jibu. Tukawa tunakwenda barabarani, "Hodi! Hodi jamani!" na kila mkubwa anageuka na uso mzuri, "Karibuni!" Ukishakaribishwa unapitaje? Unashuka. Unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mafiga. Siku ile tulifika Laela malori yamekwisha kuondoka, tukarudi na maharage yetu, na salamu za barabara nzima.

Kidogo kidogo tukatengeneza utaratibu. Wa mbele anaimba mfululizo, ili watu wasikie tunakuja wapishe wenyewe, na wimbo si amri kwa mtu. Akiona shimo anapaza "Shimo!" na kila mmoja analirudisha nyuma mpaka wa mwisho. Mchanga hivyo hivyo. Likija lori, wote tunatoka kabisa barabarani, tunasimama kwenye majani, maana lori la wakati ule lilikuwa na vumbi lake na adabu yake, na adabu ndiyo ilikuwa ndogo. Dereva mmoja alitusimamia hapo, mtu wa pwani kwa lafudhi yake, akatoa kichwa dirishani.

"Kumbe Sumbawanga mnapanda baiskeli? Mimi nasikia kwenu watu wanasafiri kwa ungo!"

Mke wa shemeji hakumchelewesha. "Ungo hauna keria, kaka. Maharage tungeweka wapi?"

Dereva akafunga kioo, akaenda zake, na nadhani hakusimama tena mpaka Tunduma.

Ng'ombe ndio waliotufundisha nafasi. Walikuwa wameanza kuhamia wafugaji kutoka kaskazini huko, Wasukuma, na makundi ya ng'ombe yanayovuka barabara utadhani hayana mwisho. Mfugaji mmoja mzee alituona tumebanana nyuma ya ng'ombe wake, tairi kwa tairi, akacheka. "Nyie Wafipa," akasema, "tazameni ng'ombe. Ng'ombe na ng'ombe ameacha nafasi ya ng'ombe mmoja. Wa mbele akisimama, wa nyuma hapandi mgongoni. Ninyi mnaenda kama kunguni." Tulimtukana kwa utani mpaka akatosheka, lakini toka siku ile tukaacha nafasi ya ng'ombe mmoja.

Kosa letu lilikuwa la mpangilio. Mbele mimi. Nyuma yangu bibi harusi, binti aliyeolewa mwaka ule ule na mahari yake ilikuwa bado inaletwa, kwa hiyo alikuwa na heshima mbichi, heshima ya kuogopa. Kisha wengine. Mwisho kabisa mke wa shemeji, kwa sababu mlimani alikuwa mzito na hatukutaka atuzibie njia. Mlimani ilikuwa sawa. Hakuna aliyefikiri kwamba mteremkoni aliye mzito na asiye na breki ndiye atakuwa wa kwanza, apende asipende.

Siku yenyewe ilikuwa ya gulio, asubuhi ya baridi kali, ukungu umekaa mabondeni. Kila mmoja amefunga mzigo wake nyuma. Tukaukuta mteremko mrefu unaoshukia darajani, nami naimba, upepo unakata masikio, maharage yananisukuma kwa nyuma. Nilikuwa nafurahi, niseme ukweli. Ukungu ukafunguka, nikaona kabuti.

Baba mkwe alikuwa anapandisha kutoka darajani, na fimbo yake, katikati ya barabara kama mtu aliyeichonga mwenyewe.

Tulikuwa na neno la shimo, tuna neno la mchanga, tuna neno la lori. Neno la mkwe hatukuwa nalo. Nikapaza tu, "Baba!"

Neno hilo likarudi nyuma, "Baba! Baba! Baba!" na hapo kila mwanamke akafanya alichofundishwa na mama yake. Nikabana breki, nikaruka, nikaitupa baiskeli kwenye majani, nikachuchumaa, nikaanza makofi. Na leo ningefanya vile vile. Bibi harusi alichuchumaa kabla baiskeli yake haijasimama. Sijui alifanyaje, yeye alibaki barabarani amechuchumaa, baiskeli ikaendelea na safari peke yake, ikalala mbele ya miguu ya mzee kama iliyokuja kusalimu. Waliofuata wakamwagika mmoja juu ya mwingine, na bado, nakuapia, kila aliyetua ardhini alitua amekunja magoti. Kiroba cha mmoja kilipasuka, maharage yakatutangulia kuteremka.

Nyuma yetu nikasikia, "Jamani nakuja!"

Mke wa shemeji alikuwa ameshusha katambuga tangu juu kabisa. Moshi ulikuwa unatoka kama wa jikoni. Alitupita sote, na alipofika mbele ya mzee alikumbuka mila. Hawezi kushuka, hawezi kuchuchumaa, lakini makofi anaweza. Akaachia usukani, mikono yote miwili, akapiga makofi.

"Shikamoo, baba!" akasema, akampitia mzee pamoja na fimbo yake, wote wawili wakaingia mferejini.

Gurudumu moja lilikuwa bado linazunguka, tik, tik, tik. Sisi hatukuinuka. Tungeinukaje? Alikuwa bado hajaitikia. Tulikaa pale tumechuchumaa katikati ya maharage, macho chini, tunapiga makofi kuelekea mferejini.

Mwisho sauti ikatoka kwenye majani marefu. "Marahaba."

Tukainuka, tukakimbilia. Mke wa shemeji alikuwa amekaa upande mmoja wa mfereji amejifunika uso. Baba mkwe upande wa pili, kabuti limemfunika nusu, anashika kifundo cha mguu.

"Nani kanigonga?"

"Ni sisi, baba," nikasema. "Wakwe zako. Tulikuwa tunakusalimu."

"Mnasalimu hivyo?"

"Ulisema wote, baba."

Akanitazama, na baba mkwe hatazamwi, kwa hiyo nilijua tu kwa sababu upande ule wa uso wangu ulipata moto. "Darini," akasema. "Zote. Leo leo. Hata hii iliyokuja peke yake."

Bibi harusi akaanza kulia. Mimi nikatazama maharage yaliyomwagika. Nikaona msimu wote unaofuata, shingo yangu chini ya kiroba, na mume wangu anarudi jioni anaimba.

Mzee akajaribu kuinuka. Mguu ukakataa. Akajaribu tena, akakaa. Nyumbani kulikuwa nyuma, juu ya ule mteremko wote. Zahanati ilikuwa mbele, Laela.

"Baba," nikasema, "tukupeleke zahanati kwanza. Darini tutakwenda tukirudi."

"Mtanipelekaje? Mmoja wenu atanishika?"

Mnaona ugumu wake. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Kumpakia kwenye keria ni kumweka tumbo lake kwenye mgongo wa mkwe, na jambo kama hilo lingezungumzwa Ufipa yote mpaka ziwani. Tukasimama pale tunafikiri kama wanawake waliopewa mtihani wa hesabu. Mke wa shemeji, ambaye mpaka hapo hakuthubutu kutoa uso, akasema kutoka nyuma ya viganja, "Tuweke maharage katikati."

Keria ya baiskeli yangu ilikuwa ndefu, ya kuchomelewa. Tukasimamisha kiroba nyuma ya kiti changu, kimejaa, kimenyooka kama ukuta. Mzee akajivuta mwenyewe kwa fimbo, akakaa nyuma ya kiroba, akakikumbatia. Mimi mbele sikumwona, yeye nyuma hakuniona, na kati yetu kulikuwa na maharage ya kutosha kulinda heshima ya wilaya nzima.

Tukaondoka. Safari hii mke wa shemeji tukamtanguliza mbele kabisa, mbali, kwamba akiamua kwenda aende na njia yake. Mwanzoni mzee alikuwa ananguruma. Kisha akaanza kuuliza. "Kwa nini mnaacha nafasi?" Nikamweleza ya ng'ombe. "Mm," akasema. Baada ya muda, "Huyo wa mbele kasema shimo, mbona wewe husemi?" "Nilikuwa nameza mate, baba." "Sema!" Nikasema. Shimo lililofuata alilisema yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa, kabla ya mtu mwingine. La tatu halikuwa shimo, lilikuwa kivuli, lakini tulilikwepa kwa adabu.

Tukafika kwenye kilima, kile ambacho mwanamke mwenye akili anashuka na kukokota. Nilikuwa nimeshaanza kuteremsha mguu nikasikia kiroba kinatikisika.

"Usishuke!"

"Baba, ni mlima."

"Usishuke, nimekuambia. Kanyaga!"

Nikatazama mbele. Kando ya barabara alikuwa anatembea bibi mmoja mfupi, jogoo kwapani, anapanda mlima kwenda gulioni kama sisi. Nikamtambua, na nikaelewa. Alikuwa mama mkwe wake. Mama mzazi wa mke wake.

Kama mkwe mwanamke anachuchumaa kwa baba mkwe, mwanamume kwa mama mkwe wake hata kuchuchumaa hakumtoshi. Anatakiwa asionekane. Akimwona kwa mbali anaacha njia, anaingia majanini, anakaa huko mpaka apite. Lakini mguu wa mzee ulikuwa umevimba kama kiazi, na majani yalikuwa chini, na yeye alikuwa juu.

"Baba, nisimame nimsalimu? Ni mkubwa."

"Kanyaga, mwanangu! Kanyaga!" Miaka yote ya ndoa yangu alikuwa hajaniita mwanangu. Nyuma yangu nikasikia kabuti linavutwa, na mwanga ukapungua upande ule. Alikuwa amejifunika kichwa chote.

Nikakanyaga. Nikakanyaga mpaka nikaona nyota mchana. Lakini mlima ni mlima, na mzigo ule ulikuwa maharage na mkubwa wa ukoo. Nilipomfikia yule bibi, mwendo wangu ukawa sawasawa na mwendo wake. Sikuweza kumpita. Naye hakutaka kupitwa. Tukapanda pamoja, bega kwa bega, mimi nayumba upande huu na upande huu, yeye na jogoo wake hata hahemi.

"Shikamoo, bibi," nikasema kwa pumzi iliyobaki.

"Marahaba, mjukuu. Hiyo baiskeli inatembea au inaomba?"

"Inatembea, bibi."

"Umebeba nini kizito hivyo?"

"Maharage, bibi."

Akatembea kidogo. Bibi mkwe kwetu ni wa utani, anaweza kukuambia lolote, na yule alikuwa hajawahi kuacha nafasi ipite. "Maharage ya siku hizi yanavaa kabuti?"

"Kuna baridi, bibi."

"Kweli kuna baridi. Na viatu?"

"Na viatu."

"Kimoja kimefunguka kamba," akasema.

Nyuma yangu mguu ukavutwa juu haraka, ikafuata sauti ya maumivu, ndogo, kama ya paka. Bibi harusi, aliyekuwa ananifuata anakokota, alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge. Nikajua yule bibi hatamwachia. Nikajua pia kwamba mzee hawezi kukaa kimya mbele ya mama mkwe wake milele, akishatambuliwa mila haimruhusu. Ndipo nikasikia, chini ya kabuti, taratibu, kwa viganja vilivyojikunja, makofi.

Yule bibi akasimama. Akatugeuzia mgongo, akajitandia kanga kichwani, akautazama uwanda, akaitikia kama inavyotakiwa, heshima tupu, bila kucheka. "Marahaba, maharage."

Kisha akatuacha tumalize kilima.

Kule juu nikashuka, nikashikilia usukani na kuhema. Mzee hakujifunua mpaka tulipoanza kuteremka upande wa pili. Hakusema shimo, hakusema mchanga. Alisema neno moja tu, na hakuniambia mimi, aliliambia kabuti: "Mtu akiwa juu ya kitu hiki anashukaje?"

Zahanati wakamfunga mguu. Tukakaa nje, yeye kwenye benchi, mimi chini mbele yake nimechuchumaa, wenzangu wamekwenda kuwahi malori. Ya darini sikuyagusa. Mtu aliyepata aibu ukimharakisha anageuka mkali.

"Mwanamke mwenye mtungi wa maji kichwani," akasema mwisho, "akikutana nami hutua mtungi?"

"Hapana, baba. Angemwaga. Anainamisha macho anapita. Akifika ndipo anasalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bado hajafika, baba. Yuko na mzigo."

"Mm." Akatazama mguu wake. "Basi mtu aliye juu ya baiskeli bado hajafika. Hajafika kwako, hajafika kwangu. Akikanyaga ardhi ndipo amefika, ndipo adai na adaiwe salamu. Sivyo?"

"Ndivyo, baba," nikasema kwenye udongo. "Na zile za darini?"

"Nani kasema darini?"

"Sijui, baba. Labda upepo."

"Labda," akasema.

Ila habari ya mfereji haikukaa mferejini. Siku chache baadaye wazee wenzake wakaja nyumbani kwake, wamekaa kwenye viti vyao, nyuso zimekazwa. Wameambiwa wanawake wamemvunja mguu. Wametaka baiskeli ziondolewe kabla hazijamaliza wazee wote wa tarafa. Mimi nilikuwa ninawaandalia pombe ya ulezi, na masikio yangu yalikuwa makubwa kuliko chungu.

Baba mkwe akawaacha waseme mpaka wakakauka. Kisha akawapa ile hukumu ya mtungi, neno kwa neno, kama aliyoipokea kwa mababu. Mtu juu ya baiskeli hajafika. Asishuke mteremkoni. Aimbe, apite, salamu ataileta akikanyaga chini. "Nimewapima mwenyewe njiani mpaka Laela," akasema, "wanakwenda kwa nafasi kama ng'ombe, na shimo wanalisema. Ninyi vijana wenu wakilewa wanalisema?"

Mmoja, mkubwa wao kwa umri, akamtazama miguuni. "Na huo mguu, mbona umefungwa?"

"Nilijikwaa kwenye tuta."

"Tuta la nini?"

Baba mkwe akaniona ndipo nafika na kibuyu. "La maharage," akasema.

Nikachuchumaa, nikaweka kibuyu chini mbele yao, nikapiga makofi. Siku ile niliinama chini kuliko mila inavyodai, mpaka paji la uso likakaribia udongo, na sikuinuka upesi, maana meno yangu yote yalikuwa nje. Wazee wakasema kwa ukoo ule bado kuna wakwe wenye heshima.